Kumbukumbu za Askari Wetu wa Zamani: Kamati ya Usharika Inaweza Kufanya Nini?

Kamati za sharika kadhaa zimetuletea maswali yanayofanana. Familia moja ina nishani ya babu aliyepigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini haina karatasi yoyote. Nyingine ina cheti cha kuachishwa jeshi, ila jina lililoandikwa silo alilojulikana nalo kijijini. Nyingine haina kitu isipokuwa habari kwamba mzee wao alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza, na hakurudi. Wote wanauliza: je, kumbukumbu hizi zinaweza kurekebishwa?

Jibu ni ndiyo, kwa baadhi yao na kwa masharti. Katika makala haya tunaeleza makosa yalitoka wapi, milango gani iko wazi, na kazi gani inaweza kufanyika hapa hapa usharikani. Hatuzungumzii Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kwa kuwa kumbukumbu za askari wa vita hivyo ziko chini ya jeshi letu wenyewe. Tunazungumzia waliotumikia chini ya wakoloni.

KUMBUKUMBU YA UTUMISHI NI NINI?

Askari anapoandikishwa hufunguliwa jalada. Humo huandikwa jina, namba, kikosi, tarehe ya kuingia, cheo, majeraha, nishani anazostahili na tarehe ya kuachishwa. Jalada hilo ndilo linalosema baadaye kama mtu anastahili malipo au msaada, na kama jina lake liandikwe kwenye mnara wa ukumbusho. Mtu anaweza kuwa alitumikia kwa uaminifu miaka sita, lakini kama jalada halipo au limekosewa, mbele ya ofisi ni kama hakutumikia.

MAKOSA YALIANZAJE?

Chanzo cha kwanza ni majina. Makarani wageni waliandika walivyosikia. Mtu alitaja jina lake na la baba yake. Karani akachukua moja tu, au akaandika jina la kijiji au la mtemi kana kwamba ni la ukoo. Wengi waliandikishwa kwa jina la nyumbani, kisha wakabatizwa na kujulikana kwa jina jipya maisha yao yote. Leo mjukuu anatafuta jina la ubatizo katika orodha ambayo haikulijua kamwe.

Chanzo cha pili ni kwamba wengine hawakuandikwa kabisa. Katika vita ya 1914 hadi 1918, majeshi yalipita sehemu zisizo na reli wala barabara, na ndorobo waliua wanyama wa mizigo. Hivyo chakula na risasi vilibebwa vichwani mwa watu. Inakadiriwa kuwa wapagazi waliotumika katika vita hiyo ya Afrika Mashariki walifikia milioni moja. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza "Carrier Corps". Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa, na wengi wakazikwa kando ya njia.

Sanamu ya Askari iliyoko katikati ya Dar es Salaam iliwekwa mwaka 1927. Maandishi yake, ambayo yapo pia kwa Kiswahili, yanawaahidi waliopigana kwamba hata wakifa, watoto wao watayakumbuka majina yao. Lakini kwenye sanamu hiyo hakuna orodha ya majina. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha taarifa iliyokiri kwamba hili halikuwa jambo la bahati mbaya tu. Taarifa hiyo ilikadiria kuwa watu kati ya 45,000 na 54,000 wa Asia na Afrika waliokufa katika vita hiyo walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa ya hao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi, na Serikali ya Uingereza ikafanya hivyo Bungeni.

Chanzo cha tatu ni ubaguzi katika malipo. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika walitumikia katika Vita Kuu ya Pili. Walipelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Mwaka 2019 waandishi wa habari walitangaza waraka wa zama za ukoloni ulioonyesha kuwa kiinua mgongo cha askari Mwingereza mweupe kilipangwa kuwa hadi mara tatu ya kile cha Mwafrika wa cheo kama chake. Hapo kumbukumbu yenyewe haikukosewa. Kilichokuwa na kosa ni kipimo, na kosa la namna hiyo halirekebishwi kwa kusahihisha jalada la mtu mmoja.

JALADA LIKIKOSEKANA, USHAHIDI MWINGINE UPO

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari Waafrika waliokuwa hai, waliopigana upande wa Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck. Inasimuliwa kuwa wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu, na wengine hawakuwa na kitu. Ofisa aliyeleta fedha akampa kila mmoja fagio badala ya bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Vyeti vilikuwa vimepotea, lakini mafunzo ya ujanani hayakuwa yametoka mwilini.

Wafadhili wetu walioko Marekani wanajua mfano wa kwao. Huko sheria ya mwaka 1946 ilifungua njia ya kuwepo kwa bodi za kiraia zenye mamlaka ya kusahihisha kumbukumbu za askari, na askari mwenyewe au warithi wake wanaweza kuomba. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 katika kituo cha kumbukumbu kilichoko St. Louis. La Waverly Woodson, mganga Mwamerika mweusi wa jeshi, lilikuwa miongoni mwa yaliyoungua. Tarehe 6 Juni 1944, katika ufuko wa Omaha nchini Ufaransa, Woodson alijeruhiwa lakini aliendelea kuwahudumia majeruhi kwa takriban saa 30. Alifariki mwaka 2005 bila kupewa heshima iliyopendekezwa. Familia yake na watafiti walikusanya karatasi za wakati ule zilizobaki kwingine, na mwaka 2024 jeshi lilitangaza kumpa nishani ya pili kwa ukubwa katika ushujaa.

Karibu na kwetu, tarehe 22 Januari 2025 ulizinduliwa mjini Cape Town mnara wenye majina 1,772 ya Waafrika Kusini weusi waliokufa wakitumikia bila silaha katika vita ya 1914 hadi 1918. Miaka zaidi ya mia moja ilikuwa imepita. Majina yao yalipatikana kwa sababu daftari lilikuwepo mahali fulani, na kuna mtu aliyelifungua.

MILANGO ILIYO WAZI

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili, maana familia nyingi huyachanganya.

Kwanza, aliyekufa akiwa katika utumishi. Huyu anahusika na Tume tuliyoitaja. Tume hupokea majina yaliyoachwa na kurekebisha yaliyokosewa, na haitozi ada. Tarehe zake ni hizi: kuanzia 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921 kwa vita ya kwanza, na kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947 kwa vita ya pili. Aliyerudi nyumbani na kufa kwa uzee hahusiki na Tume hii, hata kama alipigana kishujaa.

Pili, aliyerudi salama lakini hakupewa nishani yake. Ombi hilo hupelekwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na mwombaji ni askari mwenyewe au ndugu wa karibu anayetambulika kisheria. Atatakiwa kuonyesha uhusiano wake na askari huyo. Namba ya jeshi husaidia sana kuliko jina.

Kumbukumbu zilizoko nchini zinaweza kutafutwa kupitia Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Nyaraka nyingi za vikosi vya Keya ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London.

KAZI YA KAMATI YA USHARIKA

Hapa ndipo sharika zina kitu ambacho ofisi za mbali hazina. Wamisionari wa Kilutheri walianza kazi kusini na Usambara mwaka 1891, na Kilimanjaro mwaka 1893. Walitunza vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Mara nyingi kitabu cha ubatizo huonyesha jina la nyumbani na jina jipya kwenye mstari mmoja. Mstari huo unaweza kuwa ndiyo daraja pekee kati ya jina la jeshini na jina la familia. Tunapendekeza yafuatayo:

1. Tengenezeni orodha ya familia zenye habari za askari au mpagazi. Waanzeni wazee kabisa. Kijana aliyekuwa na miaka 18 vita vilipokwisha mwaka 1945 alizaliwa mwaka 1927. Mashahidi wetu leo ni wajane na watoto wao, na nao umri umekwenda.

2. Andikeni majina yote aliyotumia: la nyumbani, la baba, la ubatizo, la utani wa jeshini. Msichague mnaloliona sahihi. Andikeni yote.

3. Chunguzeni nishani yenyewe. Nishani za Uingereza za vita ya kwanza kwa kawaida zina namba, jina na kikosi ukingoni. Za vita ya pili kwa kawaida hazina jina, lakini nyota huonyesha alikopigana: katikati imeandikwa kwa Kiingereza Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma na kadhalika. Msiisugue kwa mchanga wala majivu. Maandishi ya ukingoni hufutika.

4. Fungueni vitabu vya zamani. Angalieni ubatizo, ndoa na hasa mazishi ya miaka ya vita. Nukuuni mstari wote kama ulivyo, pamoja na namba ya ukurasa, na mchungaji aweke saini na mhuri.

5. Chukueni maelezo ya mashahidi kwa maandishi. Shahidi aseme alichokiona mwenyewe na alichosimuliwa, kila kimoja mahali pake, na maelezo yawe na tarehe.

6. Tumeni nakala, kamwe msitume karatasi halisi wala nishani. Nakala moja ibaki usharikani.

7. Jihadharini na madalali. Anayedai fedha ili "kufungua fidia ya Uingereza" asisikilizwe.

TUSIAHIDI TUSICHOWEZA

Tunaomba kamati ziwe wazi mbele ya familia. Kurekebishwa kwa jina si malipo. Nishani iliyochelewa haileti pensheni, na maombi mengi yatajibiwa kwamba hakuna kumbukumbu iliyoonekana. Familia ikiambiwa mapema haitaona imedanganywa. Lakini hata ombi lisipofanikiwa, maelezo yaliyoandikwa na kuwekwa kabatini yana faida: mtafiti wa kesho akikuta orodha Kew au Dar es Salaam, atakuwa na kitu cha kulinganisha nacho.

Kuhusu vitabu vyenyewe, hali si nzuri. Mchwa, unyevu na mapaa yanayovuja vinavimaliza, na kitabu kimoja kikioza hupotea majina ya kizazi kizima. Tunaomba kila usharika, kabla ya robo ijayo, ukague vitabu vyake vilivyoandikwa kabla ya mwaka 1950, uviweke kwenye sanduku la chuma lililo juu ya sakafu, na kutuletea taarifa fupi ya idadi na hali yake. Wafadhili wanaopenda kusaidia wafahamu kuwa hitaji kubwa hapa ni masanduku, kamera na nauli za watu wa kupiga picha kurasa moja moja. Ni kazi ya gharama ndogo, lakini haiwezi kusubiri mvua nyingi zaidi.

Tunawashukuru makatibu wa sharika ambao kwa miaka mingi wameandika majina kwa mwandiko safi bila kujua nani atakuja kuyasoma.