MWANDIKO WAKO UKIANZA KUWA MDOGO

Lichukue daftari lako la kwanza la kisomo. Tafuta ukurasa ulioandika jina lako. Sasa liandike tena leo, chini yake. Je, herufi zako zimekuwa kubwa au ndogo? Usicheke. Kazi hiyo ndogo inaweza kumsaidia daktari kujua habari za ubongo wako.

Nilimfahamu mzee mmoja mkulima. Kila msimu alitia sahihi katika kitabu cha mazao. Msimu mmoja karani aliikataa sahihi hiyo. Alisema si ya mzee, maana ilikuwa ndogo mno. Watu wengine walisema mzee amelogwa. Wengine walisema ni pombe. Mzee aliona haya, akaacha kuandika kabisa. Baadaye sana ndipo daktari alipoutambua ugonjwa wake. Mimi mwenyewe nilikishika kitabu kile kila msimu. Sahihi zilikuwa zikipungua mbele ya macho yangu, wala sikuelewa.

UGONJWA GANI HUU?

Mwaka 1817 daktari James Parkinson wa London, Uingereza, alitoa kitabu kidogo juu ya ugonjwa wa kutetemeka. Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hiyo husaidia mwili kwenda bila kukwama. Chembe hizo zikifa, mkono huweza kutetemeka. Viungo hukakamaa. Mwendo huwa wa polepole. Kwa wagonjwa wengi mwandiko nao hupungua. Mtu huanza mstari kwa herufi kubwa. Akifika mwisho, herufi zimekuwa ndogo kama mbegu za mchicha.

Kuna pia magonjwa yanayoharibu kumbukumbu ya wazee. Ili kuyachunguza, daktari humwambia mzee achore saa ya ukutani. Aweke namba zote, kisha aweke mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Kazi hii si rahisi kama unavyodhani. Mzee lazima akumbuke umbo la saa. Lazima apange namba. Tena lazima ajue kwamba mshale mfupi unakwenda kwenye 11, na mrefu kwenye 2.

KOMPYUTA INAFANYA NINI?

Sisi wakulima tunajua jambo moja. Ukiliona gunia la mahindi ghalani, hujui shamba lilipaliliwa mara ngapi. Unaona mavuno tu. Karatasi nayo ni hivyo hivyo. Daktari huiona saa iliyokwisha kuchorwa. Haoni tena jinsi mkono ulivyokwenda.

Hapo ndipo kompyuta inaposaidia. Mtu hutumia kalamu maalumu, au huandika juu ya kibao kilichounganishwa na kompyuta. Kompyuta hupima mahali ncha ya kalamu ilipo, mara nyingi katika kila sekunde. Hujua mkono ulikwenda mbio au polepole. Hujua mahali uliposimama. Vibao vingine hupima hata nguvu ya kukandamiza kalamu. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo cha MIT, Marekani, walieleza kazi yao ya namna hii juu ya mchoro wa saa. Watu wawili wanaweza kuchora saa zinazofanana. Lakini mmoja alisita muda mrefu kabla ya kuweka mshale. Kusita huko ni dalili ambayo jicho halioni kwenye karatasi.

TAHADHARI

Mwandiko mbaya si ugonjwa. Wewe uliyejifunza ukubwani, mkono wako umezoea jembe. Utaandika polepole kuliko aliyeanza utotoni. Kompyuta iliyofundishwa kwa miandiko ya watu waliosoma sana inaweza kukosea kwako. Kwa hiyo kompyuta haitoshi peke yake. Daktari lazima akupime mwili na akuulize habari zako.

Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, wataalamu walichunguza watu 161,071 kutafuta ugonjwa wa Parkinson. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wametambuliwa kabla ya hapo. Huko Hai pia kilitengenezwa kipimo cha kumbukumbu kwa wazee, hata wasiojua kusoma. Katika kipimo hicho mzee haambiwi achore. Hupewa njiti za kiberiti, apange umbo kama alilooneshwa. Hivyo hahukumiwi kwa sababu hakushika kalamu utotoni.

UFANYE NINI?

Kila mwanzo wa mwezi, andika sentensi moja ile ile katika daftari lako. Weka tarehe. Usijilinganishe na mwalimu wala jirani. Jilinganishe na wewe mwenyewe wa mwaka jana. Herufi zikizidi kupungua, au mkono ukitetemeka ukiwa umetulia, nenda zahanati au kituo cha afya. Chukua daftari lako. Ugonjwa wa Parkinson haujapata dawa ya kuuponya kabisa. Lakini kuna vidonge, kama vile levodopa, vinavyomrudishia mgonjwa wepesi wa kufanya kazi zake.

Na ukimwona mzee anahangaika na kalamu, usimcheke. Usiseme amelogwa. Mwulize taratibu: "Mzee, mkono huu ulianza lini?" Kisha msindikize kwa mganga wa zahanati.