Kompyuta ya Chama: Tuitie Mfumo Gani?

Tuseme chama chenu cha ushirika kimenunua kompyuta. Fedha zimetoka katika mauzo ya korosho za wanachama. Sanduku limefunguliwa, na watu wamejaa mlangoni kutazama. Fundi aliyetoka mjini anauliza, "Ndugu Katibu, niwatilie mfumo gani?" Katibu anamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti anatazama chini.

Swali hili si la fundi peke yake. Ni la wenye mali.

Kompyuta bila mfumo endeshi ni chuma na waya tu. Mfumo endeshi ndio unaoiamsha. Ndio unaopokea herufi unazobonyeza, unaotunza mafaili, na unaopeleka maandishi kwenye printa. Ni kama karani wa ghala. Mzigo hauingii wala hautoki bila yeye.

Mifumo iko mingi, lakini maofisini utasikia zaidi miwili: Windows na Linux. Windows ni mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Hutumiwa kwa leseni ya kulipia. Linux ilianzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland. Yeyote anaruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzake. Aina yake moja, Ubuntu, ilianza mwaka 2004. Mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni ndugu wa neno letu "utu".

Basi tuchukue ya bure? Ngojeni kwanza.

Andikeni kazi za ofisi yenu: barua, mihtasari ya mikutano, orodha ya wanachama, kilo za kila mkulima. Kazi hizo zote zinawezekana katika Linux kwa programu ya bure iitwayo LibreOffice. Lakini labda chama kinalazimika kutumia programu ya mahesabu iliyotengenezwa kwa Windows tu. Hapo chukueni Windows, na mlipe leseni. Ulizeni pia: msimu ukianza na kompyuta ikigoma, nani atakuja kuitengeneza? Kama fundi wa karibu anajua Windows tu, mfumo wa bure utawagharimu nauli nyingi.

Lugha nayo ni jambo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mwenye mali ruhusa, kwa kuwa programu waliyoitafsiri ilikuwa huru.

Sasa tuseme fundi ananong'ona, "Ninayo Windows ya bei ndogo." Mwulizeni leseni iko wapi. Nakala ya wizi yaweza kuja na virusi, na huenda isipate marekebisho. Marekebisho ni viraka vya kuziba matundu ambayo wezi hupitia.

Matundu hayo si hadithi. Mwezi Mei 2017 virusi viitwavyo WannaCry viliingia katika kompyuta za Windows katika nchi nyingi duniani. Vilifunga mafaili, kisha vikadai fedha. Baadhi ya hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka mwezi Machi mwaka huo huo. Walioumia wengi hawakuwa wamekitia. Fikirini daftari lenu la kilo za korosho limefungwa hivyo, na malipo ya pili hayajatoka!

Kwa hiyo jihadharini na kompyuta iliyotumika yenye Windows 10. Huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haikubali kompyuta nyingi za zamani. Mara nyingi kompyuta kama hiyo bado inaweza kutumia Linux. Mfumo wowote mtakaochagua, wekeni nakala ya mafaili mahali pengine, nje ya ofisi.

Ubuntu inaweza kujaribiwa kabla ya kuitia. Fundi huiweka katika fleshi, akaichomeka, akaiwasha kompyuta kutoka humo. Diski ya ndani haihitaji kuguswa. Mwambieni afanye hivyo nanyi mkiwapo. Karani aandike barua moja na kuichapa. Printa ikikataa, mtajua siku hiyo hiyo, fundi akiwa bado hajalipwa.