Kisukari Delta ya Rufiji: Kweli au Si Kweli?

Kwa mkazi wa Mbwera au Maparoni, safari ya kliniki huanza kwa kuangalia maji. Yakiwa yamekupwa, boti haitoki. Yakijaa, ni bandari ya Nyamisati kwanza, ndipo ifuate barabara ya Kibiti. Njia ikiwa ndefu hivyo, maneno ya barazani humfikia mgonjwa kabla ya maneno ya daktari, na mengine yanaua. Tuyapime moja moja.

1. “Kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini.”
SI KWELI. Miaka ya 1980, Profesa Donald McLarty na wenzake walipima watu katika vijiji vya Tanzania wakakuta wenye kisukari hawafiki 1 kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta takriban 9 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Na kisukari aina ya kwanza, kinachowapata zaidi watoto na vijana, hakihusiani na ulaji wala fedha: kinga ya mwili hushambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini.

2. “Sisimizi wakijaa kwenye mkojo, una kisukari.”
NUSU KWELI. Mkojo wenye sukari huwavuta sisimizi. Lakini figo huanza kumwaga sukari pale ile ya damu inapovuka takriban milimoli 10 kwa lita, ilhali asubuhi kabla ya kula, milimoli 7 tayari ni kiwango cha kisukari. Anayesubiri sisimizi anachelewa. Kiu isiyokatika, kukojoa kila mara usiku na kukonda bila sababu ni ishara za kwenda kupima tone la damu kidoleni.

3. “Ukianzishiwa insulini, mwisho umefika.”
SI KWELI. Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa mahututi, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa insulini. Aliishi miaka 13 zaidi. Sindano husingiziwa kwa sababu wengi huifikia wakiwa wamechelewa. Kinachoua ni kuiacha: mtoto mwenye aina ya kwanza akiachishwa insulini, hata kama kapewa mlonge badala yake, anaweza kufa ndani ya siku chache.

4. “Bila friji, insulini haitunziki.”
SI KWELI. Vyungu viwili vya udongo vinasaidia sana. Tia kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, loweka mchanga asubuhi na jioni. Insulini iwe ndani ya kikopo kisichopitisha maji, nacho kikae ndani ya chungu kidogo. Funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Ila usiilaze juu ya barafu kwenye deli la samaki au kamba. Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena.

5. “Wali ni sumu, ugali wa muhogo ni ruksa.”
SI KWELI. Vyote hugeuka sukari mwilini. Cha kuangalia ni kiasi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo samaki au kunde, robo wali au ugali. Asali nayo hupandisha sukari.

6. “Kidonda kisichouma hakina neno.”
SI KWELI, na hapa ndipo miguu inapopotea. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Unyayo ukifa ganzi, unakatwa na gamba la chaza kwenye mikoko usijue. Mwaka 2005, Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari nchini walioumwa miguu na panya usingizini. Wahenga walisema panya huuma huku akipuliza. Mguu wenye ganzi hauhisi hata asipopuliza. Kila jioni osha miguu, kausha katikati ya vidole, tazama nyayo. Usipoweza kuinama, mjukuu akutazamie. Chomeka chandarua vizuri, na usiingie matopeni peku.

7. “Kutoboa kidole kupima sukari kunafunguza.”
SI KWELI, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Mwezi wa Ramadhani ndio hasa wa kupima zaidi. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au ikizidi 16.6, wataalamu wanaelekeza ufungue papo hapo. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga; kuitumia si udhaifu wa imani. Zungumza na daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya mfungo, hasa kama unatumia insulini.

8. “Daktari bingwa ni wa aliyezidiwa.”
SI KWELI, na hili ndilo linalotugharimu zaidi. Macho na figo huharibika kimyakimya, na nyumbani hakuna awezaye kuyaona hayo. Kila mwaka macho yachunguzwe kwa ndani, mkojo upimwe protini, miguu ipimwe ganzi. Kila miezi 3 hadi 6 kipimo cha HbA1c kionyeshe wastani wa sukari wa takriban miezi 3 iliyopita. Rufaa inaweza kukufikisha hospitali ya Tumbi, mjini Kibaha, au ya Muhimbili. Na tangu 2024 serikali imekuwa ikipeleka kambi za madaktari bingwa kwenye hospitali za halmashauri. Uliza zahanati yako zamu ya Kibiti ni lini.

Bingwa naye anakutegemea. Andika vipimo vyako kwenye daftari, tarehe na saa, uende nalo. Bila hilo anapanga dozi kwa kukisia. Weka akiba ya dawa pia, kwani mafuriko ya Aprili 2024 yalionyesha jinsi njia za Rufiji na Kibiti zinavyoweza kukatika. Na rufaa usiisubiri mpaka uzimie. Iombe sasa, ungali unajisikia mzima.