Umechoka na Joto la Kisiwani? Hii Hapa Rada Kamili ya Kutembea Wundanyi, Milima Inayokulisha Sukuma

Kama unaishi Makadara, Kibokoni, Bondeni ama kona yoyote ya kisiwa cha Mombasa, unajua vile mwezi wa pili hukuwa. Feni inakuzungushia hewa moto, stima zikipotea ndio umeisha, na usiku honi za tuktuk hazikupi hata nafasi ya kulala. Halafu wikendi ndefu ikifika, fomu ni zile zile: Diani, Watamu, ama unajibeba mpaka Nairobi. Yaani unatoka kwa joto unaenda kwa joto, ama unatoka kwa kelele unaenda kwa kelele zaidi.

Leo tunakupa fomu ingine. Inaitwa Wundanyi, juu kwa milima ya Taita, kaunti ya Taita Taveta. Hakuna bichi, hakuna klabu za kukesha, na saa tatu usiku mtaa mzima umezima taa. Lakini kuna baridi ya kuvaa jaketi, mashamba yamepangwa kwa mteremko kama ngazi, na ukimya ambao mtu wa kisiwani hajawahi kuusikia. Kabla ufunge begi, soma hii mpaka mwisho, kwa sababu kutembelea mahali pa wakulima si sawa na kwenda hotelini.

Kwanza, usipotee njia

Kuna watu kibao wametafuta "Taita Hills" kwa simu, wakaona picha za hoteli za kifahari, vyumba vimesimama kwa nguzo na ndovu wanakunywa maji chini, wakadhani ndio huko milimani. Si huko. Ile ni hifadhi ya wanyama, iko chini kwa tambarare ukishapita Mwatate kuelekea Taveta. Ni poa kama una doo ya safari, lakini ni kitu tofauti kabisa. Sisi tunaongea kuhusu milima yenyewe, mahali watu wanalima.

Njia ni rahisi. Kutoka Mombasa mpaka Voi ni kama kilomita 160. Unaweza kupanda basi ama matatu pale Mwembe Tayari, ama uende Miritini ushike treni ya Madaraka. Ukichagua treni, hakikisha kabla ya kukata tikiti kwamba inasimama Voi, usije ukapitishwa ukiangalia tu kwa dirisha. Keti macho, maana reli inakatiza Tsavo na ndovu wa udongo mwekundu wanaonekana bure bila tikiti ya hifadhi.

Ukifika Voi, unatafuta matatu ya Wundanyi. Ni kama kilomita 40 zilizobaki. Unapita Mwatate, unaona mashamba ya mkonge yasiyoisha, hilo ni moja kati ya mashamba makubwa zaidi ya mkonge duniani. Halafu barabara inaanza kupanda na kujikunja. Masikio yanaziba kidogo, hewa inabadilika, na ghafla unafunga dirisha mwenyewe bila kuambiwa. Lami iko, kwa hivyo usiogope.

Kwa nini huko ni baridi na hapa tunachomeka?

Hii ni sayansi rahisi. Upepo kutoka Bahari Hindi, ule ule unaokupiga ukiwa Fort Jesus, unapita nyika kavu bila kukutana na kitu. Kisha unagonga ukuta wa milima ya Taita. Unalazimika kupanda, na hewa ikipanda inapoa. Unyevu wake unageuka ukungu na mvua. Kilele cha Vuria, ambacho ndicho kirefu zaidi, kina mita 2,208 kutoka usawa wa bahari. Ndio maana chini Voi ni vumbi na miiba, na juu kuna migomba, kabeji na vijito.

Ukungu wenyewe ni kama mvua ya pili. Miti ya msitu inaushika kwa majani, matone yanaanguka, udongo unanyonya, halafu chemchemi zinatoa maji polepole hata wakati mvua imekataa. Kwa hivyo msitu kule si urembo tu wa picha. Ni tangi la maji la mkulima. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya msitu wa asili ilikatwa zamani kupata mashamba na mbao, na mahali pengine ikapandwa misonobari na mikaratusi. Kilichobaki ni vipande vidogo vidogo vya msitu wa asili, kama Ngangao, Mbololo na Chawia.

Na ndani ya hivyo vipande kuna viumbe ambao hawako popote pengine duniani. Kuna ndege wawili wadogo, apalis wa Taita na kurumbiza wa Taita, ambao wakipotea hapo wamepotea kabisa. Kule Mbololo kuna aina ya ua la urujuani la porini, ndugu wa yale maua ambayo wazungu wanapanda kwa vyungu madirishani. Chuo Kikuu cha Helsinki kule Finland kiliona umuhimu wa hii milima mpaka kikaweka kituo cha utafiti Wundanyi. Wasomi wanatoka Ulaya kuja kusomea hapo, na sisi wa saa chache tu kwa matatu hatujafika.

Unajua unakula Wundanyi kila siku?

Ukienda Marikiti ama ukivuka daraja la Nyali mpaka Kongowea, uliza zile mboga zinatoka wapi. Nyingi zinatoka mbali, lakini Taita ni moja ya mashamba ya Mombasa ya tangu zamani: kabeji, sukuma, nyanya, pilipili hoho, ndizi, maparachichi. Zinavunwa mchana, zinafungwa kwa magunia na makreti, zinapakiwa jioni, na alfajiri muuzaji wako ashazipanga kwa meza.

Na si mboga tu. Maji ya bomba yanayofika Mombasa, tangu miaka ya 1950 sehemu yake inatoka Mzima Springs, ambayo iko Tsavo, ndani ya kaunti hiyo hiyo ya Taita Taveta. Hata kahawa ina stori. Inatajwa kwamba kati ya miche ya kwanza ya kahawa kupandwa Kenya ni ile ya wamisionari Wafaransa pale Bura, mwaka 1893, chini ya hiyo hiyo milima. Kumbuka hiyo ukiwa umekaa barazani na kikombe cha kahawa chungu.

Sasa elewa hesabu ya mkulima. Shamba la milimani ni dogo, limegawanywa na mababu mpaka vipande, na limekatwa matuta ili mvua isibebe udongo. Hakuna trekta inayoingia pale, ni jembe na mgongo. Mboga inaoza haraka, kwa hivyo broka akija na bei ya kuumiza, mkulima anachagua kati ya kuuza hasara na kuangalia kabeji ikioza. Wewe mjini unalalamika bei iko juu, yeye kijijini analalamika bei iko chini, na wote mnasema ukweli. Kijana wa huko akiona hiyo hesabu, anapanda matatu kushuka Mombasa kutafuta kibarua. Pengine mnaishi naye ploti moja.

Na hapo ndipo safari yako ina uzito. Ukilala kwa nyumba ya mwenyeji, ukanunua ndizi kwa aliyezipanda, ukamlipa kijana wa hapo akuonyeshe njia, hiyo chapaa haipiti kwa broka yeyote.

Utafanya nini huko?

Usiende na ratiba ya kukimbia. Mambo ya kufanya ni haya:

Tembea. Njia za miguu zinapita katikati ya mashamba kutoka kijiji hadi kijiji. Asubuhi kukiwa na ukungu unaona mita chache tu mbele, halafu saa nne jua linafungua pazia na unaona nyika ya Tsavo yote chini yako.

Panda Vuria. Juu kuna minara ya mawasiliano, kwa hivyo njia inajulikana. Siku ikiwa wazi, unaweza kuuona Kilimanjaro. Ukungu ukikataa, usikasirike, huo ndio mwenye nyumba.

Ingia msitu wa Ngangao. Unasimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Uliza utaratibu kabla ya kuingia na uchukue kijana wa hapo akuongoze. Usitoke na ua wala mche.

Kula kimanga. Ni chakula cha Wataita, maharagwe yamepondwa pamoja na mihogo, ndizi ama viazi. Kipande kimoja kinakushikilia mpaka jioni. Kuna pia mbangara, pombe ya kienyeji. Hiyo kila mtu na dini yake na akili yake.

Wenzetu Waislamu, jipangeni kidogo. Wataita wengi ni Wakristo, kwa hivyo juu milimani hutapata hoteli ya halali kila kona kama Old Town. Voi ni rahisi zaidi, jaza tumbo hapo ama beba mahamri yako. Mboga, ndizi na kimanga hazina shida na mtu.

Sheria za mgeni ambazo hazijaandikwa

Salimia kila mtu. Mjini ukisalimia mtu usiyemjua anashika simu yake vizuri. Huko ukipita bila kusalimia, ndio utashukiwa. Kiswahili kinaelewana kote, lakini asubuhi ukisema "kwawuka", yaani umeamkaje kwa Kidawida, utaona uso ukifunguka. Ukipewa kitu, sema "chawucha", ndio ahsante.

Shamba ni ofisi ya mtu. Huwezi kuingia benki ya mtu na kupanda juu ya meza upige picha. Basi usikanyage matuta ya mtu kwa sababu mwanga umekaa fiti. Omba ruhusa. Na usimpige mama picha akiwa ameinama analima halafu uandike "maisha magumu lakini wanatabasamu". Yeye hakukuomba huruma. Ukitaka picha, muulize, mwonyeshe, na kama anauza kitu, nunua.

Mapango ya mafuvu si ya kuchezea. Zamani, Wataita walimzika mtu, na baada ya muda fuvu lake likatolewa na kuwekwa kwa heshima kwenye pango la ukoo, pamoja na ya waliotangulia. Familia zilienda pale kuongea na wazee wao, kwa mfano mvua ikikataa. Desturi hiyo ilififia dini mpya zilipoingia, lakini mafuvu mengine bado yapo. Hao ni babu za watu. Usiende bila mzee ama mwenyeji wa mahali, usiguse, na ukiambiwa hakuna picha, hakuna picha. Fikiria mtu akija kucheza TikTok juu ya makaburi ya kwenu.

Usitupe takataka. Hakuna lori la kaunti linalopita kila mlango. Chupa yako ya plastiki ikiingia kijito, inaingia shamba la mtu wa chini.

Lipa bei ya haki. Uliza bei kabla, kubalianeni, halafu ulipe. Kubishana shilingi kumi na mtu aliyebeba ndizi kwa mgongo mlima mzima ni aibu.

Beba nini, uende lini?

Beba jaketi la ukweli, viatu vya kukamata udongo, na pesa taslimu kidogo kando ya M-Pesa. Juni mpaka Agosti ni baridi ya meno kugongana. Machi mpaka Mei ni mvua ya masika, na njia za udongo huteleza vibaya. Januari na Februari, wakati kisiwa kinachemka, huko kunakuwa na hewa tamu na anga wazi zaidi, ndio wakati mtu wa Makadara anahitaji milima kuliko mwaka mzima.

Pigia nyumba ya wageni mapema, maana si nyingi. Fika kabla ya giza, kwa sababu matatu za kupanda mlima hazikesheki.

Ukiwa unarudi na una saa mbili za ziada Voi, uliza kuhusu Sagalla. Hifadhi za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti, na ndovu hawajui mpaka, usiku mmoja wanaweza kumaliza shamba la msimu mzima. Kule Sagalla wakulima wanazungushia mashamba waya uliofungwa mizinga ya nyuki, kwa sababu ndovu anaogopa nyuki. Waya ukitikiswa, nyuki wanatoka, ndovu anageuka. Asali inauzwa. Nunua chupa moja umpelekee mamako, umwambie ni nyuki wanaolinda mahindi.

Na ukishafika Mombasa, safari haijaisha. Siku ukisimama Marikiti na muuzaji akikwambia kabeji imetoka Taita, utajua ule mteremko, ule ukungu, na pengine hata jina la aliyeipanda. Kama uliondoka na namba yake ya simu, wewe na majirani wa ploti mnaweza kuagiza gunia moja pamoja, lije na matatu, mgawane. Yeye anapata bei nzuri, nyinyi mnapata mboga ya jana jioni.