Pedi Isining'inizwe kwa Waya Wake

Wenye vyumba vya gemu hulaumu vijana wanaobonyeza kwa hasira, lakini pedi nyingi huumia zikiwa zimepumzika. Pedi ya PlayStation 4, mashine iliyotoka mwaka 2013, ina uzito wa gramu 210 hivi. Si mzigo. Ila ikitundikwa msumarini kwa waya wake, gramu zote hizo huvuta kitundu kidogo cha kuchajia kilicholehemewa ndani, na hutikisika kila mlango unapobamizwa. Ndiyo maana nasema mwenye chumba cha gemu hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, angenunua rafu ya mbao kabla ya kununua televisheni ya pili. Kazi ya rafu hiyo ni moja: kushika pedi kwa mwili, waya ubaki umelegea. Vijiti viwili mbele na nyuma vinatosha, kila pedi ipewe sentimita 18, kwa kuwa upana wake ni 16 na ushei. Kati ya vijiti paachwe wazi ili vumbi lianguke chini. Hedifoni nazo zinataka kigogo cha mviringo, maana msumari huukunja utepe wake.

Mbao zipo. Za Kongo huingilia mpaka wa Mpondwe, na maseremala hubakiwa na vipande visivyotosha hata mguu wa kiti. Ufupi huo, kwa kazi hii, ni faida: unyevu wa mti hutoka upesi zaidi kwenye ncha, hivyo kipande kifupi hukauka mapema kuliko ubao mrefu. Ncha hizohizo ndizo hupasuka, basi zikatwe mwisho, baada ya kukauka. Mkangazi hutulia, mkaratusi mbichi hujipinda, na rafu iliyonyooka Jumatatu huyumba kabla ya mwezi kwisha.

Atakayesema beseni la plastiki ni rahisi amesema kweli kuhusu bei tu, kwani humo pedi hulaliana, vijiti vya kuongozea vikikandamizwa usiku kucha. Pingamizi lililo zito ni la msitu. Kuipamba meza ya gemu kwa mkangazi wa Kongo kunaumiza, na sioni namna ya kulipuuza hilo. Jibu langu lina mpaka: mabaki pekee, ambayo vinginevyo yangeishia jikoni. Hakuna anayeangusha mti mkubwa kwa ajili ya kipande cha sentimita 30. Siku wateja watakapoanza kuagiza mbao nzima ili rafu zing'ae, hoja yangu itakuwa imekufa, na watumie msonobari wa kupandwa, uliopigwa randa na msasa vizuri.

Mteja aende karakana na pedi yenyewe mkononi. Ya PlayStation 5 ina gramu 280 hivi na ni nene zaidi. Vijiti vilivyopimwa kwa ile ya zamani vitaibana.