Keki ya Ndizi kwa Jiko la Makaa

Keki ya ndizi ndiyo keki ya matunda inayofaa zaidi jikoni mwa Kisii na Nyamira. Tofaa hutaka majira ya baridi ili mti uchanue vizuri, na mengi yanayouzwa Kenya hutoka Afrika Kusini. Migomba, kinyume chake, iko nyuma ya nyumba.

Ndizi ya keki ni ile ambayo ganda lake limeshaanza kuwa jeusi. Ndizi mbichi imejaa wanga. Inapoiva, wanga huo hugeuka sukari na nyama yake hulainika. Ndiyo maana ndizi ambayo mchuuzi wa soko la Daraja Mbili mjini Kisii huitoa kwa bei ya kutupa ni bora kwa kazi hii kuliko ile ya manjano safi. Zinatosha 3 kubwa za aina ya Kampala, au sukari ndizi 6.

Ndizi hupondwa kwa uma, zikachanganywa na mayai 2, mafuta ya kupikia nusu kikombe na sukari robo tatu ya kikombe. Kisha huongezwa unga wa ngano vikombe 2 uliochekechwa pamoja na beking pauda na chumvi kidogo. Mwiko usizungushwe sana baada ya unga kuingia, la sivyo keki itakuwa ngumu kama mkate. Kuhusu beking pauda, mwinuko una neno lake. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko Mombasa, hivyo gesi ndani ya rojo hupanuka zaidi, na keki huweza kuumuka upesi kisha ikabonyea katikati. Vijiko vidogo 2 vinavyofaa pwani hupunguzwa hapa kuwa kimoja na nusu.

Asiye na oveni hutumia sufuria mbili. Kubwa hutandazwa mchanga mkavu, ikafunikwa na kupashwa moto dakika 10. Ndogo, iliyopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, hutiwa rojo na kuwekwa juu ya mchanga huo. Mchanga huusambaza moto polepole. Bila huo, sufuria ya alumini huunguza keki chini ilhali katikati bado mbichi. Makaa machache hubaki jikoni, na mengi huhamishiwa juu ya mfuniko, kwani moto wa juu ndio unaoipa keki rangi ya kahawia.

Mfuniko usifunuliwe kabla ya nusu saa. Baada ya dakika 45 hivi, kijiti safi huchomwa katikati: kikitoka kikavu, keki imeiva, kikitoka na rojo, huongezewa dakika 10. Keki huachwa ipoe kabla ya kupinduliwa, maana ikiwa ya moto humeguka. Kwa unyevu wa ndizi, hubaki laini hadi siku ya pili, ikaliwa kwa chai ya maziwa ya majani ya Nyamira.