Jagina na Ngao Yake: Kuitazama Filamu ya Vita Katika Somo la Fasihi

Wanafunzi wetu wengi hupenda filamu za majagina wenye nguvu zisizo za kawaida. Mwalimu wa fasihi anaweza kuzipuuza, au anaweza kuzitumia kumfikisha mwanafunzi kwenye tendi za Kiswahili. Makala haya yanaeleza jinsi filamu ya Captain America: The First Avenger (2011), iliyoongozwa na Joe Johnston, inavyoweza kujadiliwa katika madarasa ya Gitega na Muyinga.

Mhusika huyu alibuniwa na Joe Simon na Jack Kirby. Toleo la kwanza la katuni zake lina tarehe ya Machi 1941, kabla Marekani haijaingia katika Vita vya Pili vya Dunia, na jaladani anaonekana akimpiga Hitler ngumi. Ni jagina aliyezaliwa na vita. Filamu yenyewe hailifichi jambo hilo: kuna wakati anavalishwa rangi za bendera na kutembezwa majukwaani ili wananchi wanunue hati za mkopo wa vita.

Hata hivyo, kiini cha filamu kiko mwanzoni. Steve Rogers ni kijana dhaifu, mwenye maradhi, aliyekataliwa jeshini mara kadhaa. Siku moja mazoezini, kamanda anarusha bomu la mkono lisilolipuka ili kuwapima askari. Wenye misuli wanakimbia. Rogers analilalia bomu kwa kifua chake, huku akiwaambia wenzake wakae mbali. Dawa ya kumpa nguvu inakuja baadaye. Kwa maneno mengine, ujagina unatangulia nguvu.

Hapa ndipo ulinganisho na Fumo Liyongo unapofaa. Liyongo ni mwenye nguvu tangu mwanzo, na udhaifu wake, yaani kitovu kinachodhurika kwa sindano ya shaba, unafichuliwa mwishoni kwa usaliti wa mwanawe. Rogers anaanza na udhaifu na kupewa nguvu. Mwanafunzi akizipanga hadithi hizi mbili sambamba, ataona kwamba jagina hupimwa pale anapoweza kuumia.

Tuangalie pia lugha. Silaha maarufu ya Rogers ni ngao. Neno hili la Kiswahili lina asili moja na ingabo ya Kirundi, neno ambalo leo husikika zaidi kwa maana ya askari. Mwanafunzi wa Gitega aliyelelewa kwa Kirundi, na yule wa Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, wote wana mlango wa kuingilia katika neno hili. Waulizwe: je, askari ni mkuki au ni ngao?

Swali hilo si la mzaha nchini Burundi. Wazazi wa wanafunzi wetu waliishi katika vita vilivyoanza mwaka 1993, na darasani huenda akawemo mtu ambaye mlio wa bunduki kwake si burudani. Kwa hiyo mwalimu asianze na mapigano. Aanze na tukio la bomu, kisha alitaje jambo lililotokea katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa nchi, tarehe 30 Aprili 1997. Washambuliaji waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa. Arobaini kati yao waliuawa.

Vijana hao hawakupewa dawa yoyote wala hawakuwa na ngao mikononi. Walikuwa na umri wa wanafunzi tunaowafundisha. Filamu ikimsaidia mwanafunzi kuelewa kwa nini tunawaita mashujaa, au kwa Kirundi intwari, basi saa mbili za kuitazama hazikupotea.